Muguka upimwe maabara, si jukwaani

IKIWA unaishi mjini, huhitaji kuelezwa jaba ni nini. Unajua base ya mtaa wenu, unajua muguka ni bei gani, na unamjua yule msee ambaye hukesha akitafuna hadi kukucha. Lakini je, unajua ndani ya jani hilo mna nini, na kwa kiasi gani?

Mei 2024 jani hili liligawanya nchi. Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka katika kaunti yake, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Viongozi wa Embu walikuja juu. Rais William Ruto akasema marufuku hiyo haina nguvu kisheria, na Mahakama Kuu mjini Embu ikaisimamisha. Wazazi wa Pwani walililia afya ya watoto wao. Wakulima wa Mbeere walililia karo ya watoto wao. Machozi yalikuwa ya kweli pande zote mbili. Ila katika kelele zote hizo, vipimo vya maabara vilisikika kwa nadra sana.

Tuanze na kinachojulikana. Muguka wa Embu na miraa ya Meru ni mmea mmoja, Catha edulis. Miraa hutafunwa maganda ya vijiti na machipukizi. Muguka hutafunwa majani. Kinachokupa stimu hasa ni kathinoni, kemikali ambayo umbo lake linakaribiana na amfetamini. Huongeza mapigo ya moyo, hupandisha presha, hufukuza usingizi na njaa.

Maabara ya Umoja wa Mataifa iliitenga kathinoni kutoka kwa majani mabichi mwaka 1975. Kabla ya hapo wanakemia waliijua zaidi kathini, ambayo nguvu yake ni ndogo. Mbona walichelewa? Kwa sababu walizoea kupima majani makavu, na jani likinyauka kathinoni hugeuka kuwa kathini. Mkulima wa Igembe alishajua siri hiyo bila kuingia maabara. Ndiyo maana vibunda hufungwa kwa majani ya mgomba, na pikapu kutoka Maua hukimbia kama zinafukuzwa.

Sasa ona maana yake. Jani likikawia njiani, vipimo vitakavyotoka si vya kile ulichotafuna. Linafaa kuchumwa shambani, ligandishwe papo hapo, lipimwe karibu. Na maabara si lazima zitafutwe ng'ambo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, upande wa kuelekea Maua. Chuo Kikuu cha Embu ni jirani wa Mbeere.

Tunazitaka kaunti za Meru na Embu zifadhili upimaji wa kila msimu. Kangeta, giza, alele na muguka zina kathinoni kiasi gani kwa gramu? Je, kuna mabaki ya dawa za kunyunyizia wadudu? Matokeo yatangazwe hadharani, hata yakiuma.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni kumchongea mkulima. Hapana. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, ilipuuza baraza lake lenyewe la wataalamu, lililosema mwaka mmoja kabla kwamba ushahidi wa madhara hautoshi kuipiga marufuku. Kwa hivyo ni kweli, sayansi pekee haimhakikishii mtu soko. Lakini mkulima asiye na takwimu zake atahukumiwa kwa maneno ya wengine kila mara, iwe ni London au Mombasa. Naye mzazi wa Likoni ana haki ya kujua mwanawe anatafuna nini.

Wewe unayesomea kemia Nchiru au Embu, projekti yako ya mwaka wa mwisho iko hapo shambani. Ichukue kabla mgeni hajaichukua. Wewe unayetafuna, usingoje maabara ikuambie kwamba usipolala usiku tatu mfululizo kuna shida, tafuta daktari. Na nyote mnaopiga kura, mwanasiasa akija kuwaapia kwamba muguka ni sumu au ni dhahabu, muulizeni swali moja: ametenga shilingi ngapi za kuupima?