Mimi si Dalali wa Viwanja

Asubuhi ya kwanza niliyokwenda na darubini kwenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo, niliulizwa nimetumwa na tajiri gani. Ilikuwa Desemba, jua ndio kwanza linachomoza, nami nimesimama juu ya tuta nikitazama kundi la vitwitwi wakikimbia kwenye tope. Nyuma yangu wakaja vijana wawili na mzee mmoja aliyejifunga msuli, jembe begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unapima nini?"

"Sipimi kitu, mzee. Natazama ndege."

Akaniangalia kwa huruma, kama anavyoangaliwa mtu asiyejua hata kudanganya. "Ndege," akawageukia vijana. "Yule wa mwaka jana alisema anatafuta kaa. Mwezi haukwisha, kigingi kile pale."

Kweli kigingi kilikuwapo, cha zege, kina namba za rangi nyekundu, kimesimama katikati ya vichaka vya mchu kama mgeni aliyekosea nyumba.

Sikumlaumu. Katika mwambao huu, kuanzia Kunduchi na Mbweni, uvuke Mto Mpiji, mpaka ufike Bagamoyo mjini, mtu mwenye daftari na kitu cha kuonea mbali huwa amekuja kwa ajili ya ardhi. Machi 2013 makubaliano ya bandari kubwa ya Bagamoyo yalitiwa saini Xi Jinping alipozuru Dar es Salaam. Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Mwaka 2019 Rais Magufuli akayakataa masharti ya wawekezaji hadharani, na 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yafufuliwe. Miaka yote hiyo, watu wa upande wa Mbegani na Mlingotini wameishi wakisikia habari za bandari inakuja, haiji, inakuja. Mtu aliyekwisha pimiwa shamba lake hawezi kuamini kwamba kuna mwendawazimu anayeamka alfajiri kutazama vindege vya tope bure.

Lakini mimi ndiye huyo mwendawazimu, na nimerudi pale karibu kila Jumamosi tangu siku ile. Kwa kazi ni mwalimu wa hesabu. Wakazi wa Dar es Salaam wana bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, ingawa nayo imemegwa na majengo mpaka imebaki kipande. Sisi Bagamoyo bustani yetu ni hii: tope, mikoko, majaruba ya chumvi, na bahari inayokuja na kuondoka mara mbili kwa siku. Haina geti wala kiingilio. Ndiyo maana pia haina mtetezi.

Nataka kubishana na watu wa aina mbili. Nianze na ndugu zangu wanaosema haya ni mambo ya Wazungu.

Nimelisikia neno hilo shuleni, kwenye baraza, na hata nyumbani kwangu. Mke wangu aliniuliza mwanzoni, "Baba Salma, hao ndege ukishawaona, halafu?" Swali zuri. Lakini nenda pale soko la samaki la Bagamoyo, chini ya mji mkongwe, umuulize nahodha yeyote mzee anajuaje dagaa walipo. Atakwambia anaangalia buabua. Ndege wakikusanyika na kujitupa majini, samaki wadogo wapo, na chini yao wapo wakubwa wanaowasukuma juu. Nahodha anajua wale wanaozunguka tu na wale waliokwisha kuona. Huyo ni mtazamaji wa ndege, na amefanya kazi hiyo maisha yake yote bila darubini wala kofia ya kijani. Na majina ya ndege tunayo. Yangeyange, kulastara, mnandi, kwazi, kwarara, shakwe, heroe. Sululu, aliyepinda mdomo kama chombo kile cha kuchimbia mawe chenye jina hilohilo. Hakuna Mzungu aliyetupa majina hayo. Tulichofanya sisi ni kuyaacha yapotee mpaka kijana wa kidato cha nne, aliyezaliwa mita 200 kutoka baharini, akiulizwa kile ni nini anajibu: "Ndege." Ukimbana zaidi anasema, "Ndege wa baharini." Kamusi zetu nazo mara nyingi humaliza hivyo hivyo, aina ya ndege, basi.

Ndege anayemjua vizuri ni kunguru, kwa sababu anaiba sabuni. Kunguru huyo wa shingo ya kijivu ndiye mgeni kweli. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka, akavuka bahari, akamaliza makinda ya ndege wengine mpaka leo.

Sasa ngoja nikueleze ninachokiona pale, maana ubishi wangu wote umesimama juu yake.

Maji yakipwa, tope lote la mbele ya mikoko linabaki wazi, na ndege wanatawanyika kula. Utawaona kwa mbali kama kokoto. Watu wengi wanaotaka kuona ndege huenda wakati huo na kurudi wamekasirika. Wakati wenyewe ni maji yanapojaa, hasa wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Bahari inapanda mpaka inaingia katikati ya mikoko, tope linafunikwa lote. Ndege hawa wa tope si waogeleaji. Sululu na wachache wengine hutua juu ya matawi ya mikoko, lakini wale wadogo wanataka mahali pa wazi, pakavu au penye maji ya kufika vifundoni, ambapo kipanga hawezi kuwanyemelea. Mahali hapo ni majaruba ya chumvi. Kwa saa mbili au tatu ndege waliokuwa wametawanyika ufukweni wanasimama pamoja kwenye majaruba machache, kichwa chini ya bawa, wakisubiri bahari iondoke. Ukiwafukuza hapo, hawana pa kwenda. Wataruka na kuzunguka, wakichoma mafuta ya mwilini waliyokusanya kwa ajili ya safari.

Na ni safari kweli. Katika vitwitwi wale kuna mmoja mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, Calidris ferruginea. Ana gramu kama 60 hivi, uzito wa yai la kuku. Anazaliana kaskazini kabisa ya Siberia mwezi Juni, kisha anakuja kukaa kwetu.

Kisha kuna yule mweupe na mweusi, mwenye miguu mirefu ya kijivu na mdomo mnene kama koleo, ambaye mimi namwita mla kaa kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Wanasayansi wanamwita Dromas ardeola, na katika familia yake yupo peke yake duniani. Anazaliana kwenye fukwe za Oman, Uajemi, Somalia na visiwa vya jirani. Huchimba shimo refu mchangani, hutaga yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Kisha anashuka mwambao mpaka kwetu akiwa na mwanawe. Huyo mtoto, mkubwa kama mama yake, miezi imepita, bado anamfuata nyuma akilia apewe kaa. Nimemwona Januari, hapo Bagamoyo, mama anakimbiza kaa, anamkamata, anampigapiga, na jitu zima limesimama pembeni limefumbua mdomo. Nilicheka peke yangu kwenye tuta.

Oman na Bagamoyo, kwa pepo za kaskazi. Majahazi yalipita njia hiyo karne nyingi, yakileta tende na kuondoka na boriti za mikoko. Majahazi hayaji tena. Mla kaa bado anakuja. Kwa nini historia ya majahazi tuiwekee makumbusho, na msafiri aliyebaki hai tumwite jambo la Wazungu?

Wa pili ninaobishana nao ni wakubwa zaidi, na wanaheshimika. Hao ni watu wa mipango, wawekezaji, na baadhi ya wahifadhi wenyewe, wanaosema: ndege wana mbuga yao, Saadani ipo. Ni kweli ipo, kaskazini yetu, hifadhi ya taifa tangu 2005, na ni nzuri. Lakini bamvua halisubiri ndege afike Saadani. Nchi yetu pia ina maeneo manne ya ardhioevu yaliyoandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar: Malagarasi-Muyovosi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Kipande chetu, kuanzia Dar es Salaam kwenda juu, hakimo. Kwa hiyo kwenye ramani ya mtu aliyeko ofisini, hapa hakuna kitu. Ni "eneo la wazi". Nalichukia neno hilo kuliko kunguru.

Watanijibu kwamba sheria inalinda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haujaanza. Sawa. Tufuatane sasa na huyo mtaalamu wa tathmini. Amepewa siku chache. Amekuja Juni, kwa sababu fedha zimetoka Juni. Juni ni kusi, na wengi wa wasafiri wetu wako Siberia na Oman wanalea. Amefika saa nne asubuhi, maji yamekupwa. Anaona yangeyange kadhaa, kulastara mmoja, kunguru. Anaandika alichokiona, mwaminifu kabisa: ndege wa kawaida, wachache. Ripoti ile inakuwa kweli rasmi ya mahali pale kwa miaka 30, na hakuna aliyedanganya hata neno moja.

Nani atamwambia kwamba Januari, siku ya bamvua, saa kumi na moja jioni, jaruba lile la tatu huwa halionekani maji kwa wingi wa ndege? Ni mtu aliyekuwapo tu. Na si aliyekuwapo mara moja, bali aliyekuwapo kaskazi na kusi, masika na vuli, maji mafu na bamvua, mwaka huu na ule mwingine, na akaandika. Kurudi palepale, jambo linalowachekesha watu zaidi kuhusu tabia yangu, ndiko kunakoufanya kuwa ushahidi. Mtalii anaweza kuona ndege 100 kwa siku na asijue lolote kuhusu mahali.

Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu wanapopatikana imekusanywa katika Atlasi ya Ndege wa Tanzania, kazi ya miaka mingi ya Neil na Liz Baker. Nawashukuru kwa dhati. Lakini ni aibu yetu kwamba mwambao wenye shule kila kijiji hauna daftari lake wenyewe. Nilipoomba kuwapeleka wanafunzi 20 asubuhi moja ya Januari, niliambiwa muhula una mitihani. Mwaka uliofuata niliambiwa hivyo hivyo.

Sipingi bandari. Nataka niseme hivyo wazi, kwa sababu ukitaja ndege tu watu wanaona umesimama upande wa pili wa ajira. Wanafunzi wangu wanahitaji kazi. Wala si kwamba majaruba ya chumvi ni matakatifu. Mengine yalitengenezwa kwa kukata mikoko, na wachumaji wake wanapasuka miguu kwa ujira mdogo. Ninachopinga ni kuulizwa "halafu?" na watu ambao hawajawahi kuulizwa wao: mlitazama lini? Mlikuwapo maji yakiwa wapi? Kikao cha wananchi kinapoitishwa, mwenye ripoti yenye jalada la plastiki anasimama na namba zake, na sisi tunasimama na "zamani walikuwa wengi". Tutashindwa kila mara. Na tutastahili.

Huko wanakosimamia utalii wananishauri nibadili lugha, niseme utalii wa ndege, niseme dola. Labda wana haki. Lakini mzee wa jembe hakubadilika kwa sababu ya dola. Alibadilika Januari ile ile, nilipompa darubini. Aliishika kinyume kwanza, tukacheka. Kisha akamwona mla kaa na mwanawe. Akakaa kimya muda mrefu.

"Huyu nimemwona tangu mdogo," akasema. "Sikujua kama ana macho makubwa hivi."

Nikamwambia anakotoka. Akasema babu yake mzaa baba naye alikuja kwa kaskazi, akakataa kurudi.

Siku hizi ananipigia simu katikati ya wiki, wakati mwingine kunieleza tu kwamba heroe wamepita. Simu ya mwisho ilikuwa Alhamisi usiku.

"Mwanangu, wageni wako wa Oman wamefika."

"Wangapi, mzee?"

"Mjukuu wangu amehesabu, ameandika. Lakini na wale wa vigingi nao wamefika leo, gari mbili. Wapo upande wa jaruba la tatu. Kesho maji yanajaa saa kumi. Njoo na daftari lako lile la zamani, la kwanza."