Msosi wa Bibi Umerudi Mjini, Bibi Mwenyewe Haulizwi

Kuna utani mitandaoni haufi: eti Waingereza walizunguka dunia nzima kutafuta viungo, wakavipata, wakaviuza, halafu nyumbani wakaendelea kula viazi vya kuchemsha. Ikitokea klipu ya Mwingereza anakula maharage ya kopo juu ya mkate, komenti zinaanza upya.

Sasa kuna vijana wa huko huko walioamua kujibu kwa sufuria. Mmoja ni binti wa Leeds. Mchana yuko ofisini, usiku anaposti mapishi ya bibi yake. Siyo keki za mapambo. Ni pudding ya nyama na figo, unga wake umekandwa na mafuta ya ng'ombe yanayozunguka figo, bakuli linafungwa kitambaa na kukaa kwenye mvuke masaa manne. Ni hotpot ya Lancashire, nyama ya kondoo na vitunguu chini, viazi vya duara juu, oveni ya moto mdogo. Ni "bubble and squeak", jina lina mbwembwe lakini ukweli wake ni kiporo cha viazi na kabichi kimekaangwa. Yaani kiporo kile kile ambacho kila nyumba Dar inakijua.

Na wanaocheka wangejua hesabu hii wangepunguza sauti. Januari 1940 serikali ya Uingereza ilianza kugawa chakula kwa kadi, na mgao ukaisha kabisa Julai 1954, miaka tisa baada ya vita. Yai la ganda lilikuwa kama moja kwa wiki kwa mtu mzima, tena likipatikana. Mengine yalikuwa ya unga. Maziwa mengi yakaelekezwa kwenye jibini la aina moja la serikali, na jibini kibao za mashambani zikapotea hapo hapo. Mtoto aliyezaliwa mgao unaanza alifika miaka 14 hajaona mama yake akipika kwa kujiachia. Mtoto huyo ndiye bibi wa leo. Alipika alichokijua, wajukuu wakaona ndiyo asili yenyewe.

Ila vita visibebeshwe lawama zote. Mwaka 1928 mwandishi mmoja wa kike alikuwa tayari ameanzisha chama cha kuokoa mapishi ya asili ya England, na 1932 akatoa kitabu chake. Huyu mama alifanya jambo la akili: hakukimbilia wapishi wa hoteli, alichukua mapishi kwa watu wa kawaida, majumbani.

Kizazi hiki kinateleza hapo. Chakula cha zamani kimerudi kwa kupitia juu. Mwaka 1994 ulifunguliwa mgahawa London, karibu na soko la nyama la Smithfield, ukafanya uboho wa mifupa na nyama za ndani kuwa fasheni. Heshima yake haina ubishi. Lakini utumbo kule Lancashire ulikuwa chakula cha watu wa viwandani, kwa sababu ulikuwa rahisi. Leo mjukuu wa watu wale anaulipia hela ndefu kwenye sahani nyeupe na kupiga picha kwanza. Mtu aliyekunywa supu ya makongoro Manzese saa moja asubuhi anaweza kukaa chini na kucheka mpaka basi.

Halafu kuna walinzi wa asili. Binti wa Leeds alipotumia sufuria ya presha badala ya mvuke wa masaa manne, walimshukia kama mwewe. Eti anaharibu urithi. Gesi nani analipa? Mtu anarudi kazini saa moja jioni, bili iko juu, na bado anatakiwa apike kama mwaka 1910? Pudding ya presha inayoliwa Jumanne na watu wenye njaa inazidi ile safi iliyolala kwenye kitabu. Bibi mwenyewe alipoulizwa alisema angekuwa nayo enzi zake angeitumia kila siku.

Bibi huyo ana miaka 80 na kitu, na hana mizani. "Bibi, unga kiasi gani?" "Mpaka uache kunata, mjukuu wangu." Ndiyo maana klipu yake bora haikuvuma hata kidogo. Haina muziki wala sahani nzuri. Ni mikono ya bibi inafunga kamba kwenye bakuli, inaizungusha mara mbili, halafu inaacha kipande kirefu juu kama mpini, ili bakuli litoke kwenye maji ya moto bila mtu kuungua. Anafunga, anafungua, anafunga tena taratibu. Mara ya tatu inayoonekana ni mikono ya mjukuu, na kamba imelegea.

"Tena," anasema bibi.