Kisumu–Nairobi si dakika 21

Jamani, wiki jana niliaibika. Niliandika kiprogramu cha kukadiria muda wa safari za ndege. Kisumu hadi JKIA ni kilomita 280 hivi. Nikagawa kwa kasi ya kilomita 800 kwa saa. Jibu, dakika 21! Binamu yangu akaliamini, akakata tikiti mbili tofauti, na ndege ya Mombasa ikamwacha.

Ratiba husema kama dakika 50, kwa sababu huhesabu tangu ndege inapotoka kwenye maegesho hadi inaposimama tena. Kuna kungoja zamu ya kuruka, kupanda, kushuka. Kwa safari fupi hivi, ile 800 ndege huionja tu. Waandishi wenzangu wa programu, umbali tuukokotoe, lakini muda tuutoe kwenye ratiba. Mimi ule mstari wa kugawa nimeshaufuta. Tikiti ya binamu nitailipa mwisho wa mwezi.