Mwiko Bila Ugali

Masika yakishakatika na vyuo vikafungwa, wanafunzi wa akiolojia hufunga mabegi. Huyu Olduvai, yule Kilwa, mwingine Bagamoyo. Na kila mwaka mabishano ni yale yale: mwanafunzi anayekwenda kuchimba alipwe, asilipwe? Wanaokataa wana hoja zao, na si zote za kupuuzwa.

Inayosemwa sana ni kwamba yule bado yuko darasani, ila darasa lenyewe liko juani, na malipo yake ni elimu anayoipata. Kwa wiki ya kwanza nakubali. Mwiko hajui kuushika, anakwangua udongo kama anayepalilia mahindi, na mwalimu inabidi amsimamie saa nzima. Lakini mtazame wiki ya tatu. Shimo la mita moja kwa mita moja limezungushiwa kamba. Anashuka sentimita kumi kumi, jicho likingoja mahali udongo mwekundu unapogeuka kuwa wa majivu. Udongo wote unapita kwenye chekecheke. Vigae, shanga, miiba ya samaki, kila kitu na mfuko wake, na juu ya mfuko jina la shimo, namba ya tabaka, tarehe. Jioni anaosha vigae kwa mswaki mpaka vidole vinanywea. Akikosea namba ya tabaka, kigae kile hakina tena cha kueleza, na shimo halichimbwi mara mbili. Mifuko hiyo hiyo ndiyo inayozaa ripoti ya mradi na makala ya profesa. Kama yalikuwa mazoezi tu, mbona hayatupwi?

Kuna wanaosema Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inatosha, maana pesa ya mafunzo kwa vitendo imo. Imo, kwa aliyepata mkopo, na mkopo ni deni. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi limalizike. Maana yake mwanafunzi anakopa nauli ya basi hadi Kilwa Masoko, anakopa boti ya kuvukia Kilwa Kisiwani, anakopa wali wa mchana, kisha anakwenda kufanya kazi kwenye mradi wa mtu mwingine. Asiyepata mkopo hubaki Dar akamsaidie mjomba dukani. Nafasi yake inachukuliwa na ambaye nyumbani kwao nauli si swali, na baada ya miaka kumi tunashangaa kwa nini wanaotusimulia historia ya Kilwa hawatoki Kilwa.

Hoja inayonikera ni hii: ukitia pesa, watakuja wafuata posho badala ya wapenzi wa fani. Basi tumtazame Kamoya Kimeu. Kijana wa Ukambani, Kenya, asiye na masomo makubwa, aliajiriwa na akina Leakey, watafiti wa chimbuko la binadamu, mwaka 1960 kama kibarua wa kuchimba. Alikwenda kutafuta riziki kama kibarua mwingine yeyote. Mwaka 1964 ndiye aliyeliona taya la zamadamu la Peninj, karibu na Ziwa Natron. Mwaka 1984, Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, akaona kipande cha mfupa wa fuvu kilichofanana rangi na changarawe iliyokizunguka. Kikawa mwanzo wa kufukuliwa mifupa ya yule anayeitwa Kijana wa Turkana, aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mwaka uliofuata Rais Reagan wa Marekani alimkabidhi medali. Ujira haukumpofusha macho. Na maprofesa wenyewe, kwani huchimba bure?

Wengine hutukumbusha kwamba hata Marekani wanafunzi hulipia wenyewe kambi za kuchimba. Kweli, wengi hulipa, tena maelfu ya dola, na huko nako watu wanalalamika kwamba fani inachuja kwa mfuko wa mzazi. Ila wanaotoa mfano huo huusahau mpango wa REU wa Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya nchi hiyo hiyo, unaowalipa posho wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaofanya utafiti, wa akiolojia wakiwamo. Tukiiga, tuige na hilo.

Inabaki hoja ya kwamba fedha hazipo. Kwa idara ya chuo ambayo haina hata gari zima, nakubali bila ubishi. Kwa mradi wenye ufadhili, hapana. Bajeti yake ina tiketi za ndege, ina gari la kukodi, ina vipimo vya redio-kaboni ambavyo kwa punje moja ya mkaa hugharimu mamia ya dola. Punje ya mkaa ina fungu lake. Aliyeichambua kwa kibano kutoka kwenye chekecheke hana, huambiwa atapewa cheti.

Mpishi ana mwiko, fundi mwashi ana mwiko, na wote wawili jioni hurudi na kitu mkononi. Wewe unayeandika bajeti ya msimu ujao, andika posho ya wanafunzi kwanza, nauli na chakula vikiwa humo, kisha ndipo uandike gari la kukodi.