Kitabu cha ndege kilitangulia Jumuiya, sasa kije kwa Kiswahili

Lori la maharage kutoka Bugesera likishavuka daraja la Nyabarongo huanza kupanda mlima wa Gahanga, na huko nyuma linaacha bonde la mafunjo. Dereva, utingo na mwenye mzigo wamewaona ndege wa bonde hilo mara nyingi kuliko mtalii yeyote. Mmoja wao, mrefu, mwenye taji la rangi ya dhahabu kichwani, hana mtu asiyemfahamu Kigali: ni umusambi. Lakini jina hilo likifika Kahama halieleweki. Huko ndege huyu ni korongo, jina ambalo hutumika pia kwa ndege wengine wa miguu mirefu, na kwa mkulima korongo ni mtaro uliochimbwa na maji ya mvua. Akivuka kwenda Uganda anakuwa ng'aali, na anakaa katikati ya bendera ya taifa. Ndege ni yuleyule. Kwenye karatasi za serikali, nchi zote hizo, ana jina la Kiingereza.

Wapo waliokwisha kumweka ndege huyu na wenzake mahali pamoja. Mwaka 2002 Terry Stevenson na John Fanshawe walichapisha kitabu cha kutambulia ndege wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, spishi zaidi ya 1,300, kila moja na picha na ramani yake. Mwaka huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa na wanachama watatu tu. Rwanda na Burundi ziliingia Julai 2007. Wapenda ndege walizitangulia serikali kwa miaka mitano, wala hawakuhitaji mkutano wa marais. Sababu ni nyepesi: ukichora ramani ya mahali anapoishi ndege, mstari wa forodha hauonekani. Burundi ilipofunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024, mfanyabiashara wa Gahanga aliyezoea soko la Kirundo aliikuta barabara imeishia Nemba. Ndege wa mabonde ya Akanyaru hawakupewa taarifa.

Kasoro ya kitabu hicho, na ya vile vilivyokitangulia, ni kwamba vimeandikwa kwa ajili ya mgeni. Cha John G. Williams cha 1963 na kile kikubwa cha Zimmerman, Turner na Pearson cha 1996 vyote ni kazi za kuheshimiwa, na vyote ni vya Kiingereza. Mwenye gari la watalii anacho kimoja kwenye kiti cha mbele. Mwenye lori hana, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba angekihitaji.

Anakihitaji, na ushahidi wa kwanza uko kwenye nchi kavu za kaskazini. Kitabu kilekile kinachomtambua umusambi wa Nyabarongo ndicho kinachowatambua ndege wa jangwa la Chalbi na wa Dida Galgalu, kwenye barabara ya Isiolo kwenda Moyale inayopitisha mifugo na bidhaa kati ya Kenya na Ethiopia. Kule ndege wengi wana rangi ya udongo, na kuwatofautisha ni kazi hata kwa wataalamu. Kuna kidege kimoja kinachopatikana Kenya tu, katika maeneo makavu ya Marsabit na Isiolo; wanasayansi walikipa jina la huyo huyo Williams aliyeandika kitabu. Wafugaji hawakulisubiri jina hilo. Wao humtazama firigogo, ambaye huruka kwa makundi kwenda kwenye maji, na dume lake huloweka manyoya ya tumboni ili awapelekee makinda maji ya kunywa. Mfugaji anayejua firigogo wanaelekea wapi anajua maji yaliko. Huo ni ujuzi wa kutambua ndege, ila haujachapishwa mahali ambapo dereva kutoka Kigali au Kampala angeusoma.

Ushahidi wa pili unahusu mfuko moja kwa moja, nao ni kwelea kwelea. Huyu ni ndege wa nyika kavu anayeishi kwa mbegu za majani ya porini. Mvua zikikatika, majani hayatoi mbegu, na kundi linahamia kwenye mtama, ngano na mpunga. Mmoja hula takribani gramu 10 kwa siku. Hesabu hiyo ni ya dukani: ndege milioni moja hula tani 10 kila siku, na makundi ya mamilioni si hadithi. Januari 2023, baada ya ukame mrefu, walivamia mashamba ya mpunga ya Kisumu na serikali ya Kenya ikaanza kuwanyunyizia sumu. Mfanyabiashara aliyekwisha kulipa malipo ya awali kwa shamba ambalo bado halijavunwa, iwe Kisumu au Dodoma, ana sababu ya kutaka kujua mapema ni ndege gani waliotua kwenye miti ya jirani.

Si rahisi kumjua. Dume wakati wa kuzaliana ana uso mweusi na mdomo mwekundu, hapo hata mtoto hawezi kukosea. Lakini jike, na hata dume nje ya msimu, ni kahawia tu wenye michirizi, na kwa macho ya haraka hawana tofauti na kina mnana na shomoro ambao madhara yao ni madogo. Mdomo ndio humtaja, nao pia hubadilika: wa jike huwa wa njano wakati wa kuzaliana. Mkulima anayekosea hapo anaita ndege ya kunyunyizia kwa kundi lisilohusika, au anakaa kimya mpaka suke limebaki tupu. Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani, lililoundwa 1962 na lenye Kenya, Uganda na Tanzania miongoni mwa wanachama wake, hutumia ndege zake pia dhidi ya kwelea kwelea. Sumu hiyo haichagui. Huua mwewe na bundi wanaokula mizoga, na mzoga wenyewe unaweza kuishia kwenye chungu cha mtu. Kondoa, mkoani Dodoma, watu hutega kwelea kwelea na kuwauza kama kitoweo, biashara halali isiyo na sumu ndani yake. Mnunuzi anayeletewa ndege wakavu kwenye gunia anapaswa kujua wa mtego ni wapi na wa sumu ni wapi, na kitabu kizuri kingemwambia aulize hivyo.

Kisha kuna sheria, na hapa mfanyabiashara mdogo ndiye anayeumia zaidi. Kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo, yule anayeiga sauti za watu, alipandishwa mwaka 2016, kwenye mkutano wa Johannesburg wa mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, hadi orodha ya juu kabisa: biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Umusambi yuko kwenye orodha ya pili, inayotaka kibali. Anayebebeshwa boksi lenye matundu "amfikishie mtu" ng'ambo ya mpaka hawezi kujitetea kwamba alidhani ni kuku wa mapambo. Ofisa wa mpakani naye, kama hajui kumtofautisha kasuku huyu na kasuku wa kijani, ama atamwachia mhalifu ama atamshikilia asiye na hatia na mzigo wake wote wa ndizi utaoza hapo.

Rwanda imeonyesha kwamba watu wa kawaida wanaweza kufundishwa. Umusambi alikuwa pambo la bustani za hoteli na nyumba za wenye uwezo, mabawa yamekatwa. Daktari wa wanyama Olivier Nsengimana na shirika lake, wakishirikiana na serikali, waliwaomba wenye ndege hao wajitokeze bila kuadhibiwa. Ndege zaidi ya 200 walichukuliwa, wenye afya wakapelekwa Hifadhi ya Akagera, na walioharibiwa mabawa wakapewa makao Kigali katika Kijiji cha Umusambi. Sensa ya 2017 ilihesabu ndege 487 nchini kote. Miaka michache baadaye idadi ikawa imepita 1,000. Katika kazi hiyo wapo wanakijiji wa kandokando ya mabonde, wala hawakusomea zoolojia.

Atakuwepo wa kusema kwamba mfanyabiashara wa mpakani anataka barabara, ushuru mdogo na mpaka ulio wazi, si picha za ndege. Ni kweli anataka hayo. Lakini hayo yanangoja mawaziri, na kijitabu hakingoji. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ipo Zanzibar na kazi yake ni lugha hii. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Kinachotakiwa si kutafsiri spishi 1,300. Hakuna atakayekinunua kitabu hicho, na hakitaenea mfukoni. Ndege 60 au 70 wanatosha: wale wa mafunjo, wale wa nchi kavu, waharibifu wa nafaka, na wale ambao kuwabeba ni kosa. Kila mmoja awe na picha, jina moja la Kiswahili lililokubaliwa, na chini yake majina ya Kinyarwanda, Kirundi, Kiganda, Kiturkana na mengineyo. Nakala ziwekwe Nemba, Rusumo, Gatuna, Busia, Namanga na Moyale, dirishani kwa ofisa na benchi la wanaosubiri. Ya kwenye simu ije pia, ingawa simu za wauza mboga wengi si za kufungulia picha.

Ugomvi wa kwanza utakuwa wa majina, na ni bora uanze mapema. Je, umusambi aendelee kugombea jina la korongo na ndege wengine na mtaro wa maji, au Kiswahili kikope neno la Wanyarwanda na Warundi kama kilivyokopa mengine mengi? Watanzania watakataa. Waganda watataja bendera yao. Wafanyabiashara nao waulizwe, maana wao ndio wanaowasikia watu wa pande zote mbili za mpaka wakimwita.