Simfoni Ianzie Kwenye Kwaya

Aghalabu, orodha za albamu zinazopendekezwa kwa anayeanza kusikiliza muziki wa okestra hutanguliza Simfoni ya Tano ya Beethoven, ya mwaka 1808. Orodha hizo si mbaya. Kasoro yake ni kwamba ziliandikiwa masikio yaliyolelewa Vienna au London, wala si ya mwanakwaya wa Nakuru, Njoro au Molo. Huyu akishindwa kuvumilia nusu saa ya ala zisizo na maneno, huhitimisha kwamba muziki huo haukukusudiwa mtu kama yeye. Hitimisho hilo lasikitisha, maana tayari yumo uani mwa nyumba asiyojua kuwa ameiingia.

Ni kwaya gani kubwa ya kanisa katika Bonde la Ufa isiyoijua "Haleluya" ya Handel? Huimbwa Krismasi na Pasaka kwa sauti nne zilizofunzwa kwa solfa, kinanda cha umeme kikibeba mzigo wa okestra nzima. Basi albamu ya kwanza na iwe Messiah, utungo ulioimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Dublin mwaka 1742. Mwimbaji wa besi aliyeihifadhi sehemu yake moyoni atazisikia sello zikitembea naye, kisha tarumbeta na ngoma zikiingia mahali alipozoea kinanda peke yake. Hafundishwi jambo geni; anaonyeshwa kilichokuwa kikikosekana.

Wanaodai kwamba kanisa haliwezi kuzaa okestra wakumbushwe Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, aliasisi okestra ya simfoni miongoni mwa waumini wa Kikimbangu, ala zikiwa chache na wapigaji wakipokezana. Filamu ya Kinshasa Symphony (2010) inawaonyesha wakijiandaa kuipiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven, ile yenye kwaya. Hiyo ndiyo imfaayo mwanakwaya kabla ya ile ya Tano, naye aanze na sehemu ya mwisho, wahafidhina wakasirike wapendavyo.

Mwanafunzi wa fasihi ana mlango mwingine: Petro na Mbwa Mwitu ya Prokofiev (1936). Humo fanani husimulia na kila mhusika ana ala yake. Ndege ni filimbi, paka ni klarineti. Mbwa mwitu humeza bata mzima mzima, na mwishoni bata husikika akilia tumboni. Aliyekua akisikiliza ngano za mazimwi hahitaji mkalimani.

Hata hivyo, albamu isiyosameheka kukosekana ni Zanzibara 1 (2005), yenye nyimbo za Ikhwani Safaa, kikundi kilichoasisiwa Zanzibar mwaka 1905. Fidla, udi, kanuni na akodioni hupigwa pamoja, na kinachoimbwa ni Kiswahili. Ajabu ni kwamba madarasani mashairi ya taarab huchambuliwa vina, mizani na jazanda kana kwamba hayakuwahi kupigiwa fidla hata moja.