Methani ya Mirihi: Vyombo viwili, majibu mawili

Zaidi ya miaka 20 tangu watafiti wa Ulaya, wakiongozwa na Mtaliano Vittorio Formisano, watangaze mwaka 2004 kwamba wameiona gesi ya methani katika angahewa ya sayari ya Mirihi, wanasayansi hawajakubaliana iwapo gesi hiyo ipo au haipo.

Ubishi huu si wa maneno matupu. Hapa duniani sehemu kubwa ya methani hutokana na viumbe hai: vijidudu vya kwenye vinamasi, mashamba ya mpunga na matumbo ya ng'ombe. Na kwa kuwa mwanga wa jua huivunja gesi hiyo katika muda wa miaka 300 hivi, methani itakayoonekana Mirihi leo haiwezi kuwa ya kale. Huenda imetoka kwa vijidudu vilivyo chini ya ardhi. Huenda pia ikawa ni kazi ya maji na miamba tu.

Kila gesi hunyonya sehemu yake maalumu ya miale ya infraredi, ile isiyoonekana kwa macho. Spektromita huitawanya miale hiyo, kama matone ya mvua yanavyoutawanya mwanga wa jua, na penye pengo ndipo gesi inapotambulika. Kwa njia hiyo chombo cha Mars Express kiligundua pia udongo wa mfinyanzi, dalili ya maji ya zamani, na hilo halina mpinzani. Methani inasumbua kwa sababu ni haba mno: Formisano alitaja sehemu 10 katika kila bilioni.

Mwaka 2009 Mmarekani Michael Mumma alisema ameiona kwa darubini za Hawaii. Wakosoaji wakamkumbusha kwamba darubini hizo hutazama kupitia hewa ya dunia, yenye methani nyingi kupindukia.

Mgongano mkubwa zaidi ulikuja mwaka 2019. Gari la NASA, Curiosity, lililotua katika kreta ya Gale mwaka 2012, lilipima sehemu 21 katika bilioni. Chombo cha Ulaya na Urusi, Trace Gas Orbiter, kinachoizunguka sayari hiyo, hakikuona kitu, ingawa kingeweza kutambua hata sehemu 0.05.

Wapo wanaosuluhisha kwa kusema kuwa Curiosity hupima usiku, hewa ikiwa imetulia, ilhali chombo cha angani hutegemea jua. Maelezo hayo yanavutia, lakini hayatoshi: gesi inayovuja kila usiku ingejikusanya na kuonekana. Ama kuna kitu kinachoiteketeza haraka, ama gari lenyewe limebeba methani kutoka nyumbani. Dhana hii ya pili haipendezi, wala si ya kupuuzwa.

Gari la Ulaya, Rosalind Franklin, litakalochimba hadi mita 2, lilikuwa liondoke mwaka 2022. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka huo, ushirikiano ulivunjika, na safari ikasogezwa hadi mwaka 2028.